Siku Niliyopeleka Chungu Altareni

Mimi nina hasira, na sijawahi kuificha. Sokoni hapa Nakivale, kambi ya wakimbizi Uganda, wananijua: ukibonyezabonyeza ndagala zangu, dagaa wa kwetu Burundi, halafu ukaondoka bila kununua, utasindikizwa na maneno mpaka mlangoni kwenu. Marehemu mama yangu alikuwa akisema ulimi wangu ulizaliwa kwanza, mimi nikafuata kesho yake. Kwa hiyo niamini ninapokuambia kwamba dalili ya kwanza niliiona mwenyewe, kabla ya daktari yeyote. Zamani nikigombana na mtu moyo ulinigonga mpaka masikioni. Ikafika wakati nagombana, mikono iko hewani, mate yanaruka, na moyo umetulia tuli, kama mtu aliyekaa kando akisubiri tumalize. Nikafikiri nimekua. Nikafikiri sala zimenilainisha. Kumbe!

Sukari nimeishi nayo miaka kumi na mitatu, mingi yake hapahapa kambini. Jumanne ndiyo siku yetu kwenye kituo cha afya, na ni kwenye mizani ya Jumanne moja nilipomjua rafiki yangu. Alikuwa mjane Mkongomani, mdogo wangu kwa miaka michache, amehamia nyumba ya tatu kutoka kwetu. Foleni nzima inamsubiri apimwe uzito. Akavua viatu. Akavua kilemba. Akavua na rozari, akaiweka kwenye kiti, ndipo akapanda. Nikaangua kicheko, nikamwuliza kama hata Bikira Maria anamteremsha ili apungue.

Akanigeukia. "Yaya, weye unacheka? Ngoja zamu yako, utatoa hata meno."

Yaya, kwa Kiswahili cha kwao, ni dada mkubwa. Tangu siku hiyo hakuniita jina lingine.

Sote wawili tulikuwa watu wa sindano. Insulini haitaki joto, na friji hapa kwetu ni ya wenye maduka. Muuguzi akatufundisha: chukua chungu kikubwa, weka chungu kidogo ndani yake, katikati jaza mchanga, umwagilie maji asubuhi na jioni, funika kwa kitambaa kibichi. Yeye alikuwa na chumba kimoja chini ya bati linalochemka tangu saa nne, basi dawa yake ikahamia kwenye chungu changu. Chupa yake aliifunga uzi mwekundu shingoni tusije tukachanganya. Kila asubuhi alipiga hodi kabla ya uji, tukaketi ukingoni mwa kitanda changu, kila mtu anajidunga ya kwake. Muuguzi alikuwa ametuonya tusichomoe haraka, kwa hiyo yeye alikuwa anahesabu kwa sauti, moja mpaka kumi, kama mwalimu wa chekechea. Mume wangu, ambaye ni mtu wa shamba la maharage na maneno yake ni machache kama mvua ya Julai, alikuwa akitoka nje akisema wanawake wameanza shule yao.

Sukari yangu haikuwahi kuwa na adabu. Kipimo kinasema kumi na tano, kinasema kumi na nane. Muuguzi anagomba, mimi nagomba zaidi. Halafu mwaka mmoja, Kwaresima ikikaribia, ikaanza kushuka yenyewe. Ilishuka hata kupita kiasi. Zamani sukari ikishuka mno nilikuwa najua: mikono inatetemeka, jasho linatoka, moyo unakimbia, nami natafuta chai yenye sukari. Sasa haikubisha hodi. Siku moja mume wangu alinikuta sokoni nazihutubia ndagala kwa Kirundi, naziamrisha ziende kuchota maji. Akanitia soda mdomoni. Nilipozinduka nikamgombeza kwa kunilowesha nguo.

Mtu mwenye akili angekwenda kliniki. Mimi nilianza novena. Siku tisa za sala, na kila siku nikapunguza dawa kidogo kwa kichwa changu mwenyewe. Siku ya tisa sikujidunga kabisa. Mhudumu wa afya wa kijiji chetu, mwenye kile kimashine cha kutoboa kidole, akanipima: sita. Kesho yake, sita. Wiki nzima, sita, saba, sita. Aliniambia niende wakanipime mkojo na damu. Nikamjibu, "Mgonjwa ni nani hapa? Pima wagonjwa."

Ningekuwa na macho ningeona. Mkojo ulikuwa unatoa povu kama la sabuni. Nikasema ni ndoo haikuoshwa vizuri. Chakula kilikuwa na ladha ya chuma. Ngozi iliniwasha. Pete ya ndoa ilikataa kupita kwenye kidole, uso ukawa mviringo, na wanawake wenzangu sokoni wakanisifu: mama, umenenepa, umependeza, Mungu amekukumbuka! Sisi tuliokula posho ya kambi miaka yote hii, nani atamwambia mtu kwamba kunenepa ni ugonjwa? Nilijipindua mbele ya kioo nikafurahi. Nikisimama ghafla kizunguzungu kinanishika, macho yanaingia giza, nikasema ni mfungo wa Kwaresima.

Katika kikundi chetu cha sala, aliyetendewa jambo hatoi ushuhuda mikono mitupu. Aliyepata mtoto analeta nepi. Aliyetembea baada ya kupooza analeta fimbo yake, anaiacha mbele ya altare. Baada ya Pasaka nikabeba chungu. Nilikiosha vizuri, nikamwaga mchanga, nikakiinamisha mbele ya watu wote waone ni kitupu. Nikasema, "Hiki ndicho kilichokuwa kinanifunga. Sukari imeondoka. Sindano sitaki tena." Vigelegele vikapigwa, ngoma ikalia, mimi nikalia pia. Sikuwa nadanganya. Kila neno nililosema nililiamini.

Kabla ya kukitoa nyumbani, asubuhi ile, nilikuwa nimetoa ndani yake chupa yenye uzi mwekundu, nikampelekea mwenyewe mkononi. Nilimwambia nitamtafutia chungu kingine. Akaitazama chupa, akanitazama.

"Yaya, Mungu amekuponesha weye. Atashindwa na miye?"

Ningeweza kusema neno. Mimi, mwenye ulimi huu! Nilicheka, nikamkumbatia, nikasema, "Kwa Mungu hakuna kisichowezekana." Hilo ndilo nililosema. Asubuhi iliyofuata hakupiga hodi, na sikumwuliza kwa nini.

Nilianguka siku ya soko. Mteja mmoja alinusa ndagala zangu akasema zina harufu. Nikainuka kwenye kigoda changu cha chini kwa kasi ya hasira, nikafungua mdomo, na ndilo jambo la mwisho ninalokumbuka. Wanasema nilikwenda chini kama gunia, nikamwangukia yule mteja na ndagala zangu. Kituo cha afya kilinitazama mara moja tu, wakaita gari la wagonjwa. Barabara ya Mbarara nimeipita mara nyingi nikienda kununua mali, lakini siku hiyo nilipita mji mdogo wa Masha nimelala chali, naona mbingu na ncha za pembe za ng'ombe dirishani. Mume wangu alikuwa ameshika viatu vyangu mapajani njia nzima.

Hospitalini Mbarara nikampata daktari mwanamke, kijana, mtoto wa hukohuko Ankole. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokota njiani, lakini alikaa kitandani pangu akakitumia chote. Alishika mkono wangu hapa kwenye kifundo, akaniambia nivute pumzi ndefu, niitoe, nivute tena. Akaniambia nisimame. Nikasimama, dunia ikazunguka, akanidaka na muuguzi wake wakanikalisha. Alikuwa anatazama saa yake.

"Maama, moyo yako haisikii," akasema. "Mtu akivuta pumzi, moyo inapanda kidogo. Akisimama, damu inakimbilia chini, moyo inasikia, inaongeza mbio. Yako, unasimama, unakaa, unaogopa, ile ile tu. Kuna mishipa ya kuambia moyo 'kimbia', 'pole pole'. Sukari ya miaka mingi imekula hiyo mishipa."

Nikamwambia ndiyo maana nagombana bila moyo. Akacheka, halafu akaacha kucheka. Alinieleza kwamba mtu wa hivyo anaweza kushikwa na moyo asisikie maumivu yoyote, akafikiri ni uchovu au tumbo. Na sukari ikimshuka, ule mtetemo na mbio za moyo za kumwonya hazipo tena. Basi kumbe zile ndagala nilizozihutubia!

"Lakini dokta," nikasema, "sukari yangu imepona. Niulize. Miezi mitatu sijadunga."

Alimgeukia muuguzi wake. Akaita majibu ya damu, akayasoma, akaniwekea mkono begani. Nilijua kwa ule mkono, kabla hajafungua mdomo.

"Maama, mimi hapana danganya wewe. Ile insulini unadunga, na ile kidogo ya mwili yako, figo ndio inasaidia kuitoa. Sasa figo zako zimechoka sana. Haziitoi. Inabaki ndani, inafanya kazi muda mrefu. Chakula pia hukuwa unakula. Sukari imeshuka sababu figo imeharibika. Hapana sababu umepona."

Nilimwambia arudie. Akarudia, polepole, akinichorea kwenye karatasi mbegu mbili za maharage na bomba. Figo ni kichungio, akasema, kama kile cha chai. Sukari imekitoboa, ndiyo maana vitu vizuri vya mwili vilikuwa vinatoka na mkojo kama povu na maji yanabaki miguuni na usoni. Unene wangu wote ule, jamani, ulikuwa maji. Akasema hazitarudi kama zamani. Dawa, na kuacha chumvi, na kutokunywa vidonge vya maumivu ovyo, vinaweza kuzichelewesha zisifike mwisho. Zikifika mwisho kuna mashine ya kusafisha damu, na alipoitaja hiyo mashine hakunitazama usoni.

Ungedhani nililia kwa ajili yangu. Nitasema ukweli, sikujifikiria hata kidogo. Niliona uzi mwekundu. Mwenzangu figo zake hazijaharibika. Sukari yake haishuki yenyewe. Yeye ameacha sindano kwa neno langu na sasa inampanda, inampanda, miezi miwili mizima. Nilijaribu kuinuka kitandani. Moyo wangu, ambao ulipaswa kupasuka, ulikuwa unatembea mwendo wake uleule.

Mume wangu akarudi Nakivale siku ileile kumwambia arudie sindano. Alirudi kesho yake, akaketi, akavua kofia.

"Amekataa."

"Umemwambiaje?"

"Nimemwambia kama alivyosema daktari."

Kwa mara ya kwanza tangu tuoane alinisimulia jambo neno kwa neno, akimwigiza mpaka sauti. Alikuwa amemkuta mjane amekaa mlangoni, mguu umefungwa kitenge, anakunywa maji kopo baada ya kopo. Naye akamjibu: "Sitaki maneno ya dokta mu kinywa ya bwana yake. Yaya alisema mbele ya Mungu na mbele ya batu bote. Kama kuko maneno ingine, aje aseme fasi ile ile, mbele ya altare."

Nilimtukana yule mjane. Nililala pale nikamtukana kwa Kirundi na Kiswahili mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akaomba ahamishwe. Halafu nikaacha, kwa sababu mwenzangu alikuwa na haki. Maji nilikuwa nimeyamwaga mbele ya watu, sasa natuma mtu ayazoe kwa siri.

Daktari alikataa kuniachia. Nilimwomba siku tatu, nikimweleza kila alipopita, mpaka akajua habari ya chungu kuliko katekista. Ya nne alinipa ruhusa, baada ya dawa kunitoa maji, kwa masharti: nisiinuke ghafla. Kitandani nikae kwanza ukingoni, miguu ichezecheze, nihesabu mpaka ishirini ndipo nisimame, na niwe na mtu wa kunishika. Nikasema ndiyo kwa yote.

Kikundi kinakutana Jumatano saa tisa mchana. Mume wangu alinipeleka kwa bodaboda, mimi katikati, yeye nyuma akinishika kama mzigo wa mayai. Kanisani walishangilia kuniona. Chungu changu kilikuwa palepale pembeni ya altare, mtu amekijaza maua. Nikamwomba kiongozi kiti. Huku kwetu ushuhuda hautolewi umekaa. Mtu anasimama mbele ya Mungu. Minong'ono ikaanza kabla sijafungua mdomo.

Nikasema. "Nilisimama hapa nikawaambia nimepona. Sikupona. Figo zangu zimeharibika, ndiyo maana sukari ilishuka. Huu unene mliousifu ulikuwa maji. Moyo wangu hausikii tena nikisimama, ndiyo maana mnaniona nimekaa. Mungu hakunidanganya. Nilijidanganya mwenyewe, nikawadanganya na ninyi. Mwenye dawa na ameze dawa yake. Mwenye sindano na ajidunge leo, sio kesho."

Kiongozi, mtu mwema kabisa, akainama akaniambia kwa sauti ya huruma kwamba shetani ndiye anayetaka kuninyang'anya ushuhuda wangu, tuombe. Mikono ikainuliwa. Nikasema, "Msiombe bado! Sijamaliza!" na hapo hasira yangu ikanifaa kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, maana walinyamaza wote. Nikamtafuta kwa macho. Alikuwa benchi la nyuma kabisa, amekonda, midomo imekauka, mguu umefungwa kitenge kilekile. Harufu ya kidonda ilikuwa imewasogeza watu mbali naye.

"Mdogo wangu," nikamwambia, "siku ile nilikupa chupa mkononi nikacheka. Ilinipasa kukuambia usiniige. Nisamehe. Na kama hutaki kunisamehe, basi usinisamehe, lakini twende kituo sasa hivi."

Akainuka akiushika ukuta, akachechemea mpaka mbele, akapita bila kunitazama. Akayatoa yale maua kwenye chungu moja moja, akayalaza kwenye altare. Akajaribu kukibeba chungu, hakuweza. Mume wangu akambebea.

Bodaboda ilimchukua yeye kwanza. Kidonda chake kilianza kwa msumari alioukanyaga bila kuusikia, maana miguuni mwake nako mishipa ilikuwa imekufa, na sukari iliyopanda ikakifanya kisipone. Mbarara walimkata vidole viwili vya mguu wa kushoto. Mguu ukabaki, na yeye akabaki. Nilipokwenda kumwona wodini aligeukia ukutani. Nikakaa mpaka saa ya kuona wagonjwa ikaisha, nikaondoka. Nikarudi tena, akageuka tena. Mara ya tatu alisema, bado ameelekea ukutani, "Umenikula vidole mbili, yaya." Nikamjazia kopo lake maji, nikaliweka mahali mkono wake utakapofika.

Aliporuhusiwa nilikuwa nimeshajaza mchanga upya. Sikumwita. Nilimwagilia maji asubuhi na jioni, nikafunika kitambaa kibichi, chungu chenyewe hakina kitu ndani, maana mimi wakati ule daktari alikuwa amenisimamishia sindano kabisa. Wiki ikapita. Asubuhi moja, kabla ya uji, nikasikia gongo linagonga udongo, kisha hodi. Aliingia na chupa yake yenye uzi mwekundu, akaitia chunguni, akaketi kwenye kitanda pahali pake pa zamani. Akajidunga. Akahesabu mpaka kumi. Halafu akaniona nimelala bado, namsubiri mume wangu aje kuniinua.

"Unangoja nini?"

Nikamweleza masharti ya daktari: kukaa ukingoni, kuhesabu mpaka ishirini, mtu wa kunishika. Akaguna. Akaweka gongo chini, akanivuta mkono nikaketi, akaushika mkono wangu kwenye kifundo kama alivyoshika daktari, akaanza kuhesabu.

Hivyo ndivyo tunavyoamka sasa. Figo zangu zinazidi kuchoka; kila mwezi Mbarara wananiambia hivyo kwa maneno ya upole, nami nawajibu kwa upole kadiri ninavyoweza, na siwezi sana. Sijui nina asubuhi ngapi. Yeye hajakosa hata moja, hata siku za mvua ambapo gongo lake linazama kwenye tope. Juzi nikashindwa kujizuia. Katikati ya hesabu nikamwuliza kama amenisamehe.

"Nyamaza, yaya," akasema. "Umenipotezea hesabu. Tuanze tena. Moja."